Hodi ya Mselemu Kiduka

"Hodi! Hodi, wenyewe!"

Sauti iliingia chumbani kabla ya mwanga. Ilitoka mbali barabarani, ikapita juu ya mabati, ikapenya kwenye neti na kumkuta Mselemu Kiduka kitandani, macho bado ameyafumba. Akaisikiliza kwa uvivu, kama mtu anayesikiliza mvua ya nyumba ya jirani. Sauti nzuri, akawaza. Sauti ya mtu aliyelelewa. Hodi ya kwanza fupi, ya pili inavutwa kidogo mwishoni, halafu lile neno "wenyewe" linashuka taratibu kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Kisha akaketi kwa mshtuko. Hodi ile ilikuwa yake.

Akajishika mdomo. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Hodi, wenyewe! Mafuta ya Neema yamefika! Chungu kinacheka, mboga inateleza, na baba watoto harudi tena kwa jirani! Hodi!"

Akatoka na kikoi tu. Gari la matangazo lilikuwa linapita polepole, vipaza sauti vinne vimefungwa juu yake kama pembe za mnyama asiyejulikana. Wapangaji wote walikuwa uani na miswaki yao mdomoni. Shomvi fundi viatu, wa chumba cha pili, akatema povu na kumtazama toka unyayo mpaka utosi.

"Mselemu, ndugu yangu, umekuwa mkubwa halafu unatuficha! Umeanza lini kuuza mafuta?"

"Sijauza kitu mimi."

"Basi mafuta yamekuuza wewe."

Ua zima likacheka. Mselemu naye alitaka kucheka, lakini aliogopa kufungua mdomo asije akakuta hakuna kitu ndani.

*

Haya yalitokea katika Jamhuri ya Tandabui. Ninawaomba wasomaji wasijisumbue kuitafuta kwenye ramani, maana haifanani hata kidogo na nchi yoyote wanayoishi. Huko Tandabui viongozi husema mengi na kutenda machache, jambo ambalo kwetu sisi, alhamdulillahi, halijapata kusikika.

Lakini wananchi wa Tandabui wana desturi moja nzuri. Mlango wa mtu haugongwi. Anayegonga mlango ni polisi, au ni mleta habari za msiba. Mtu wa kawaida husimama nje, chini ya upenu, akapiga hodi, na aliye ndani huitikia akishaitambua sauti. Kila nyumba ina hodi yake. Mama humfundisha mtoto hodi kabla ya kumfundisha kuhesabu, na asiyejua kupiga hodi haozwi binti wa watu.

Bi Raya, mama yake Mselemu, alimfundisha mwanawe kwenye mlango wa jiko, huko kijijini Mkunguni. "Rudi nje," alikuwa akimwambia. "Hiyo ni hodi ya mtu anayedai. Rudi tena. Hiyo ni ya mtu mwenye njaa. Nipe hodi ya mtoto aliyerudi kwao." Mtoto alirudi nje mpaka akaipata. Miaka ikapita, mtoto akaenda mjini kusoma mita za maji, na macho ya mama yakaingia ukungu mpaka yakazimika. Tangu hapo hodi ile ndiyo ikawa sura ya mwanawe. Kila sikukuu Mselemu aliposimama chini ya upenu, mama alimwitikia toka ndani kabla hajamaliza: "Karibu, baba! Karibu nyumba yako!" Na mtu ambaye mjini hakuna anayemwita isipokuwa kwa jina la mita, alisimama pale nje akayameza machozi kwanza, ndipo akaingia.

Ajabu ni kwamba tabia njema ndiyo iliyomponza. Alikuwa amekwenda Redio ya Tandabui kumtumia mama salamu za Idi. Wenzake wote waliokuwa na salamu walisukuma mlango na kuingia kama ng'ombe wanaokwenda majini. Mselemu peke yake alisimama kwenye ukumbi akapiga hodi. Hakuna aliyemwitikia. Akapiga tena, vizuri zaidi. Juu ya mlango palikuwa na kidude cheusi chenye taa nyekundu, nacho kikamsikiliza kwa makini ambayo hakuwahi kuyapata kwa binadamu yeyote katika mji ule. Hata salamu zenyewe hazikusomwa.

*

Sasa nieleze kuhusu sheria, kwa kifupi, ili nisiwachoshe kama nilivyochoshwa.

Mtukufu Rais wa Tandabui, anayeitwa Msikivu Mkuu kwa sababu hajawahi kunyamaza, alifanya ziara Marekani na Ujerumani. Watu wengine wakisafiri huleta pasi na blenda. Yeye alileta sheria. Kule Marekani alielezwa kwamba jina la mtu, sura yake na sauti yake vikitumika kwa biashara ni mali kama mali nyingine. Mwenyewe anaweza kuviuza na kuvikodisha, na katika majimbo mengine hata akifa warithi wake wanaendelea kuvuna, kama vile shamba la minazi. Kule Ujerumani akaelezwa kwamba sura na sauti ni sehemu ya utu wa mtu, na utu hauuzwi sokoni. Mtu anaweza kutoa ruhusa tu, na akibadilika kabisa moyoni mwake anaweza hata kuiondoa. Nasikia kwao sheria hizo mbili zina watu wenye akili wanaobishana juu yake kwa subira. Sina hakika. Sijafika.

Washauri walimwomba Rais achague moja. Rais akakasirika. "Nchi maskini ndiyo yenye sheria moja!" akasema, na Bunge likazipitisha zote mbili alasiri ile ile, likipiga makofi kwa mikono ile ile. Ikajengwa Wizara ya Sura na Sauti yenye milango miwili: Mlango wa Soko upande wa kulia, Mlango wa Utu upande wa kushoto. Katikati pakawekwa ukuta mnene, ili kila upande usisikie upuuzi wa mwenzake.

*

Mselemu aliingia kwanza Mlango wa Soko, kwa kuwa ndio uliokuwa na zulia.

Mkuu wa pale alikuwa Profesa Marando, aliyesoma Marekani mpaka akasahau kula kwa mkono. Alisimama, akamkumbatia mgeni kana kwamba walinyonya titi moja.

"Rafiki yangu! Kumbe sauti ile ina mwili! Keti, keti. Unajua una mali wewe? Una mgodi hapa kooni."

"Ndiyo nimekuja hapo, mheshimiwa. Naomba mgodi wangu."

"Ah." Profesa akaketi. "Mgodi ni wa kampuni ya Neema. Uliwapa wewe mwenyewe. Ulisimama katika jengo la umma mbele ya kinasa sauti cha Redio, ambacho kila kinachonasa huuziwa Neema, ukatoa bidhaa bila kulazimishwa, tena mara mbili. Ya pili ulijitahidi zaidi. Nimeisikiliza. Inaliza!"

"Nilikuwa napiga hodi tu."

"Na Neema nao wanapiga hodi tu. Tofauti ni kwamba wao wanaelewa thamani yake."

"Kama ina thamani, na ni yangu, mbona wanaitumia wao?"

Profesa akatabasamu kwa huruma ya mtu aliyeshiba. "Tatizo lako, rafiki yangu, wewe si maarufu. Sheria ya Soko inalinda umaarufu. Ungekuwa mchezaji mpira, au mwimbaji, tungewaburuta Neema mahakamani mpaka wakome. Lakini Mselemu Kiduka, msoma mita? Nani anamjua? Sauti yako haikuwa na bei mpaka walipoitia mafuta. Kwa hiyo bei ni yao." Akainuka kumsindikiza. "Na tafadhali, kuanzia leo usipige hodi ovyo. Ni kuharibu bidhaa ya watu. Faini yake ni kubwa. Mimi ningeona uchungu sana kukutoza, lakini ningekutoza."

*

Jaribuni nyinyi kusoma mita za maji bila kupiga hodi.

Siku ya kwanza alipiga makofi, wakadhani ni mwendawazimu. Akapiga mluzi, mwenye nyumba akatoka na rungu akiuliza anamwita binti yupi. Akanunua kopo na kijiko, akawa anagonga kwenye kila geti. Akina mama wakamtolea visu wakitaka awanolee. Mahali pengine aliingia kimya kimya. Mbwa wa huko hawakuwa na habari na Sheria ya Soko. Mwisho wa mwezi idara ya maji ikampongeza kwa utumishi wake na kumwachisha kazi.

Wakati huo huo hodi yake ilikuwa inapanda cheo. Neema walianza kuikodisha, na mafundi wao, waliokwisha kuifunza mashineni maneno ya mafuta, wakaipika tena mpaka ikaweza kusema neno lolote. Kila mchuuzi mwenye kisanduku kidogo aliweza kusimama mlangoni kwa mtu na kumtoa Mselemu mfukoni. Wauza vyandarua, wauza dawa za kunguni, wahubiri. Watoza kodi waliipenda kuliko wote, maana mtu akisikia hodi ile hufungua kabla hajafikiri.

Mitaani Mselemu akawa kama mwangwi wa kisanduku. Akiagiza chai, wenzake kwenye benchi wanaangua kicheko: "Hebu tuambie bei ya mafuta!" Akipandisha sauti kwa hasira, wanasema tangazo jipya limetoka. Akaacha kuongea. Akawa anaonyesha kwa kidole: ile, hii, basi. Wakati mwingine, jioni inapoingia na uani kila mtu yuko na wake, alifunika uso kwa mto na kunong'ona "hodi" mara moja tu, kuhakikisha kama bado imo. Ilikuwamo. Lakini hakuna aliyeitikia humo ndani ya mto.

Siku moja Shomvi alikuja mbio na simu. "Shika. Binamu yako Hidaya, wa Mkunguni."

"Mselemu," Hidaya akasema, "gari la mafuta limefika huku. Mama anaitikia. Kila likipita anaacha alilonalo, anasema karibu baba, karibu nyumba yako. Linapita. Anangoja uingie. Jana ametoka mpaka barabarani anapapasa hewa, nikamrudisha mimi. Jioni mchuuzi mmoja amekuja na kisanduku, mama akamfungulia, akampikia chai, akamwita mwanangu. Yule bwana akanywa chai yote, Mselemu! Akamuuzia chandarua akaondoka. Njoo!"

"Nikija nitaingiaje?" Mselemu akauliza.

"Utaingiaje vipi? Kwa mlango!"

Lakini yeye alijua anachouliza. Mtoto wa Bi Raya aingie kwa Bi Raya bila hodi, kama mwizi? Akipiga hodi, mtendaji wa kata yupo na faini yake, na mama naye atajua vipi kwamba hii ndiyo yenyewe? Akaapa kwamba hatakwenda Mkunguni mpaka airudishe hodi yake, iwe safi, iwe moja, iwe yake na ya mama tu. Ndugu msomaji, kijana akishikwa na kiburi cha namna hiyo usimcheke. Hakuwa na kitu kingine.

Akaenda kuingia Mlango wa Utu.

*

Upande wa Utu hapakuwa na zulia. Palikuwa na ukimya, na kibao ukutani: UTU WA MTU HAUGUSWI. Chini yake, kwa maandishi madogo: Usiegemee kibao.

Daktari Theodosia Mkwabi alisoma Ujerumani miaka mingi na alirudi na miwani mizito na usahihi wa kutisha. Aliyasikiliza yote bila kuinua uso.

"Mlalamikaji," akasema, "ulichotendewa ni unyama. Sauti yako ni wewe. Haiuzwi, haihamishwi, haiwi mali ya mwenye mafuta. Nimesema!"

Tangu asubuhi ile ya gari, huyu ndiye mtu wa kwanza kumwambia hivyo. Alitamani aurukie mkono wake aubusu, ila kibao kilikataza kugusa.

"Kwa hiyo watainyamazisha?"

"Taratibu. Utu unapimwa pamoja na haki ya umma kupata habari. Mtu asiyejulikana analindwa kabisa. Mtu wa historia ya zama zetu, umma una haki ya kumwona na kumsikia. Wewe hodi yako inajulikana nchi nzima, hata watoto wachanga wanaitikia. Umekuwa mtu wa historia."

"Lakini mheshimiwa, kule Soko wameniambia mimi si maarufu."

"Kule ni kule."

"Mtu mmoja huyu huyu, ukuta mmoja!"

"Ukuta ni mnene," Daktari akasema kwa fahari. Akageuza karatasi. "Unaweza kujitetea kwamba sauti hiyo inabeba maisha yako ya faragha. Hapo umma hauna haki nayo. Ila itabidi uyathibitishe hayo maisha ya faragha."

"Nitayathibitishaje?"

"Kwa kuyaeleza. Yote. Hadharani, maana hukumu za siri ni udhalimu. Na kwa kuwa wewe ni mtu wa historia, redio itarusha."

Basi Mselemu akasimama kizimbani, akaeleza. Alieleza alivyokojoa kitandani mpaka umri wa aibu. Alieleza alivyoanguka kwenye shimo la choo na mama akamvuta kwa kanga. Alieleza wimbo ambao mama alimwimbia akiwa na homa, na jina la utani ambalo mama humwita wakiwa wawili tu, na msichana aliyemkataa kwa sababu ya miguu yake. Kila alilolitoa likawa limekwisha kutoka. Nchi nzima ikasikiliza ikila chakula cha mchana. Alipomaliza hakubakiwa na jambo hata moja ambalo ni lake peke yake, na Daktari Theodosia akatamka kwamba, kwa kuwa mambo hayo sasa yanajulikana na wote, si ya faragha tena.

Mselemu akapiga meza. Alikuwa amekonda mpaka kola ilimzunguka shingo kama kitanzi, na macho yalimwaka. "Nyinyi ni wezi! Wale wa kulia wananipora wakinikumbatia, nyinyi mnanipora mkinisalimia kwa heshima! Toka nimeingia humu hujanitazama usoni hata mara moja!"

Daktari akainua uso. Kweli, ilikuwa mara ya kwanza. Akamtazama kwa muda mrefu, kwa shauku ya kitaaluma, kisha akaangalia picha yake ya zamani iliyobandikwa kwenye jalada.

"Hebu subiri," akasema. "Hukuwa mkali hivi siku ulipokuja. Wala hukuwa mwembamba. Hukuwa hata na ndevu. Mlalamikaji, umebadilika! Sheria inaruhusu mtu kuondoa ruhusa aliyoitoa ikiwa amebadilika kabisa."

Hukumu ikasomwa siku ile ile, kwa kasi ambayo wizara haijawahi kuirudia. Ikasema kwamba Mselemu Kiduka aliyepiga hodi Redio ya Tandabui alikuwa mpole, mnene kiasi, mwenye kazi. Na kwamba huyu aliyesimama kizimbani ni mkali, ni mwembamba na hana kazi. Ni mtu mwingine. Kwa hiyo ruhusa imefutwa, na Neema waache mara moja. Wasikilizaji wakashangilia. Mselemu akalia bila haya.

"Asante, mheshimiwa. Basi nimerudishiwa hodi yangu?"

"Wewe?" Daktari akavua miwani. "Wewe si yeye. Tumeshathibitisha. Hodi ni ya yule wa kwanza, na utu wake tutaulinda mpaka pumzi ya mwisho. Akijitokeza, tutampa. Kwa sasa itahifadhiwa na Serikali."

Na Serikali ikaihifadhi. Ijumaa iliyofuata, Rais alipotaka kulihutubia taifa, vipaza sauti vya kila kata vilianza kwa hodi fupi, na ya pili ikivutwa kidogo mwishoni, kisha "wenyewe" ikishuka taratibu. Halafu akaingia Msikivu Mkuu akaongea mpaka jua likachwa. Wananchi waliagizwa kuitikia "Karibu" kwa pamoja, wajumbe wa nyumba wakipita kusikiliza nani hakuitika.

*

Mselemu alifika Mkunguni mchana, kiapo chake amekiacha kizimbani, jua likiwa kali na njia tupu. Hakubeba zawadi. Kwenye ofisi ya kata kipaza sauti kilikuwa kimelala juu ya mlingoti wake. Mtendaji alikuwa kibarazani anachokonoa meno. Alimtazama, hakumtambua, akaendelea na meno.

Akasimama chini ya upenu. Kutoka ndani alisikia ungo: mchele unarushwa, unadakwa, unarushwa. Akakohoa kidogo. Akaivuta hodi kutoka mahali alipokuwa ameificha muda wote, nayo ikatoka nzima, hata yeye akashangaa.

"Hodi. Hodi, wenyewe."

Ungo haukusimama.

Akapiga tena.

"Pita na njia zako," Bi Raya akasema kutoka ndani. "Nimekwisha itika ya kutosha."

Mselemu akabaki amesimama, mkono kwenye mwimo. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Akaingia bila kukaribishwa.

Ungo ukatulia. "Nani huyo anaingia kama paka?"

"Mimi, mama. Mselemu."

"Ehee. Mselemu." Bi Raya akatafuta mchele uliomwagika kwa vidole, akaurudisha kwenye ungo. "Mselemu ameshakuja sana. Amekuja na mafuta. Amekuja na chandarua. Amekuja na kodi, Ijumaa amekuja na Rais. Wewe umeleta nini?"

"Sijaleta kitu, mama. Ni mimi mwenyewe. Unakumbuka nilipoanguka kwenye shimo, ukanivuta kwa kanga?"

"Nimesikia redioni. Kijiji kizima kimesikia. Hata la kukojoa."

"Ukaniimbia nilipokuwa na homa..."

"Na hilo pia. Watoto wa jirani wanauimba." Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Baba, kama unauza, sema unauza nini. Mimi sina ugomvi na mtu anayetafuta chakula chake. Ila usiniambie tena wewe ni mwanangu. Nimeamini mpaka kifua kinauma."

Mselemu akapiga magoti mbele yake. Akaushika mkono wake akauweka usoni mwake mwenyewe. Mkono ule wenye vumbi la mchele ukatembea: paji, jicho, ukashuka kwenye ndevu, ukasimama kwenye mfupa wa shavu.

"Mwanangu ana mashavu," Bi Raya akasema. "Alipokuwa mdogo wanawake walikuwa wanayafinya. Wewe umekonda, baba. Hata kwenu hawakupikii?"

Akataka kujibu. Hukumu ya Daktari Theodosia ikamrudia kichwani, neno kwa neno, na kwa mara ya kwanza hakuona mahali pa kuipinga.

"Lakini una mifupa," mama akaendelea, mkono bado uko shavuni. "Sanduku halina mifupa. Ni muda tangu mtu mwenye mifupa aingie humu akakaa. Keti basi. Kuna muhogo umebaki, na chai. Keti kwenye mkeka."

Akaketi. Akala muhogo wa mama yake kama mgeni, polepole, akiogopa kuumaliza, maana mgeni akishamaliza huaga. Bi Raya alirudia ungo wake. Mchele ulirushwa, ukadakwa.

"Mimi nina mtoto mmoja tu," akasema baadaye, kana kwamba anauambia mchele. "Kutwa anapiga hodi, haingii. Namwitikia, haingii. Nalala nawaza, nilimkosea nini? Labda nilimrudisha nje mno alipokuwa mdogo. Nilikuwa namrudisha nje, unajua. Mpaka analia."

"Hukumkosea, mama."

"Wewe utajuaje?"

Mselemu akamega kipande cha muhogo, akakigeuzageuza vidoleni.

"Wewe unatembea, una macho," Bi Raya akasema. "Mjini unafika. Ukikutana naye, mwambie hodi sitaki tena. Mlango siufungi, aingie tu, hata kimya, hata kama mwizi. Utamwambia?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akakumbuka kwamba haoni.

"Nitamwambia, mama."

"Ahidi vizuri, nisikie. Siku hizi ahadi nazo zinatoka kwenye masanduku."

Mselemu akauweka muhogo chini. Akamshika mama mikono yote miwili, pamoja na ungo wake, na mchele ukamwagika magotini mwao.

"Naahidi, mama," akasema. "Nitamtafuta popote alipo, na nikimpata nitakuletea mwenyewe mpaka hapa ulipokaa."